Tupeane uzoefu: mliokuwa Iowa, Marekani, mwaka ule wa kura sita, ilikuwaje kwenu?

Mwenyeji wa Coralville
Ndugu zangu wa Iowa City, Davenport, Ottumwa na kwingineko, matangazo ya wagombea yameanza tena kukatiza kila taarifa ya habari na kila mechi, na jana vijana wawili walibisha hodi kwangu wakitaka kujua kama nimeshaamua nitampa nani kura ya Baraza la Wawakilishi. Walipoondoka nikaukumbuka mwaka 2020, tulipokuwa bado wilaya ya pili ya uchaguzi, Mariannette Miller-Meeks wa Republican aliposhindana na Rita Hart wa Democratic. Usiku wa uchaguzi Miller-Meeks alikuwa mbele kwa kura 282. Baada ya siku chache likagunduliwa kosa la kuingiza takwimu katika kaunti ya Jasper, Hart akaongoza kwa 162. Kisha likaonekana kosa jingine kaunti ya Lucas, Miller-Meeks akarudi mbele kwa 47. Hart akaomba kura zihesabiwe upya katika kaunti zote 24, na tarehe 30 Novemba yakaidhinishwa matokeo: Miller-Meeks 196,964, Hart 196,958. Kura sita, katika kura zinazokaribia 394,000! Naomba kila aliyekuwepo aeleze yaliyomkuta mwaka ule au mwaka mwingine wowote, kwa sababu vijana wetu waliokula kiapo cha uraia juzi wanadhani tunawatilia chumvi.

Zamu ya Usiku, Ottumwa
Hakuna chumvi hapo. Kiwandani kwetu, kwenye mstari wa kukata nyama, watu walikuwa wakiulizana matokeo kila wakati wa mapumziko, hata wale ambao hawakuwa na haki ya kupiga kura.

Binti Uvira
Mada hii imenigusa mahali ambapo familia yetu haijapona, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kwa kirefu.

Mwaka ule, kwa sababu ya korona, sisi sote nyumbani tuliomba karatasi za kura kwa njia ya posta. Tulikuwa watu saba wenye uraia chini ya paa moja: baba mdogo na mke wake, watoto wao wakubwa wanne, na mimi. Karatasi zilifika mapema, kila mmoja akaweka wino kwenye viduara vyake, akafunga bahasha na kutia saini nyuma yake. Baba mdogo akazikusanya bahasha zote na kuziweka juu ya kabati la vyombo, chini ya Biblia yake kubwa, akatangaza kwamba zitapelekwa siku moja kwa pamoja, kaka yetu mkubwa atakaporudi na kujaza ya kwake. Kaka alikuwa dereva wa lori la masafa marefu na wakati huo alikuwa Texas. Mimi nilikuwa nalala mchana kwa sababu nilifanya kazi usiku katika nyumba ya wazee, nikamwomba baba mdogo anipe bahasha yangu niipitishe mwenyewe nikienda kazini. Alinijibu kwamba familia haipigi kura vipande vipande.

Kaka aliingia Jumatatu usiku. Jumanne, siku yenyewe ya uchaguzi, baba mdogo alivaa koti, akazichukua bahasha zote saba na kwenda kuzitumbukiza katika sanduku la posta la mtaani, akarudi ametulia kama mtu aliyetoa sadaka. Sheria ya Iowa ya wakati ule ilitaka bahasha iwe imegongwa muhuri wa posta si baadaye kuliko siku moja kabla ya uchaguzi. Ofisi ya kaunti inayosimamia uchaguzi haikuwa mbali na kwetu, na ilikuwa ikipokea bahasha kwa mkono hadi vituo vilipofungwa saa tatu usiku. Angeendesha gari kidogo tu zaidi ya lile sanduku! Niliyagundua haya nilipofuatilia bahasha yangu kwenye tovuti na kuona kwamba imechelewa. Sikusema kitu mpaka matokeo yalipoidhinishwa. Siku hiyo mama mdogo alikuwa anasonga ugali, nami nikasema kwa sauti: tofauti ni sita, na humu ndani tuko saba. Mama mdogo aliacha mwiko umesimama ndani ya sufuria. Baba mdogo alitoka nje, na kwa muda mrefu baada ya hapo hakuna aliyethubutu kutaja neno posta mbele yake.

Fundi wa Moline
Kwa hiyo ni kabati lenu la vyombo lililompeleka Miller-Meeks Washington! Kwetu Illinois, ng'ambo ya mto, bahasha zenye muhuri wa siku yenyewe ya uchaguzi zilipokelewa mwaka ule. Mngehamia huku.

Mkenya wa Davenport
Fundi, tafadhali usimfanyie mzaha dada huyu. Baba mdogo wake hakutenda ubaya wowote, na sheria inayobadilika kila ukivuka daraja haiwezi kujulikana na kila mzee.

Fundi wa Moline
Sijamfanyia mzaha. Nauliza jambo ambalo ninyi nyote mmelipita: kura hizo saba zingekwenda kwa nani?

Binti Uvira
Swali hilo ndilo lililotupatanisha, ingawa ilichukua muda. Ilikuwa sikukuu, watu wameshiba, na kaka dereva akaanza kuhesabu mezani. Baba mdogo, mama mdogo na kaka huyo walikuwa wamempa Miller-Meeks, hasa kwa msimamo wake kuhusu utoaji mimba. Sisi wanne tuliobaki tulimpa Hart. Maana yake bahasha zetu zote zingefika kwa wakati, sita ingekuwa tano.

Zamu ya Usiku, Ottumwa
Nimecheka mpaka mwenzangu kwenye basi amegeuka kuniangalia.

Mwenyeji wa Coralville
Tusiisahau mada kwa sababu ya kabati. Hata hivyo nakazia kwa faida ya wageni kwamba tangu mwaka 2021 sheria ya Iowa imekaza zaidi: bahasha ya posta lazima iwe imefika ofisini kabla vituo havijafungwa, navyo sasa hufungwa saa mbili usiku badala ya saa tatu. Muhuri wa posta hauokoi tena mtu.

Mkenya wa Davenport
Mimi lililonishangaza si kuhesabu bali ni kesi. Kwetu Kenya mgombea ubunge aliyeshindwa anakwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 28, na jaji ana miezi sita ya kutoa uamuzi. Hart hakwenda mahakamani. Alipeleka malalamiko yake katika Baraza la Wawakilishi lenyewe, kwa sababu Katiba ya Marekani inalipa kila baraza mamlaka ya kuamua uchaguzi wa wajumbe wake. Alidai kwamba kura 22 halali ziliachwa, zikiwemo za watu waliotia saini mahali pasipotakiwa kwenye bahasha. Waliokuwa wengi katika Baraza ni wa chama chake mwenyewe. Niambieni, hapo haki ingeonekanaje? Mwisho alijiondoa, mwishoni mwa Machi 2021, huku mwenzake akiwa ameshaapishwa tangu Januari, na mimi nilimheshimu kwa hilo.

Msomaji wa Mahakama
Ulimheshimu kwa sababu hukuwa mmoja wa wale 22. Mtu aliyepanga foleni akiwa mgonjwa, kura yake ikatupwa kwa sababu ya saini, haambiwi kwamba heshima imepatikana. Njia aliyoitumia Hart ni halali, na sheria yake ipo tangu mwaka 1969.

Mkenya wa Davenport
Halali na haki ni vitu viwili, ndugu yangu. Mwaka 1985 Baraza lilitumia mamlaka hayo hayo kwa kiti cha wilaya ya nane ya Indiana, likamtangaza mgombea wa chama chenye wajumbe wengi kuwa mshindi kwa kura nne, na wajumbe wa Republican wakatoka ukumbini kwa hasira. Ukitaka kujua kwa nini Hart alikosa uungaji mkono hata kwa baadhi ya watu wa chama chake, anzia hapo.

Msomaji wa Mahakama
Indiana nimeisoma. Bado hujanijibu kuhusu wale 22.

Mjukuu wa Bibi
Wakubwa zangu, naomba mnipishe kidogo. Uzoefu wangu ni wa 2024, pale Miller-Meeks alipomshinda Christina Bohannan kwa pungufu ya kura 800, katika wilaya ambayo sasa ni ya kwanza. Nilimsindikiza bibi yangu, ambaye hasomi Kiingereza. Watu wengi hawajui kwamba sheria ya shirikisho inamruhusu mpiga kura asiyeweza kusoma kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe, ilimradi si mwajiri wake wala mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi. Msimamizi alitupokea vizuri, tukajaza fomu yake, tukaenda kwenye meza ya pembeni.

Rais alimchagua bila kuniuliza kitu. Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi alinitaka nimsomee majina yote mawili, kisha akaniambia nisimwangalie usoni anapofikiri. Tulipogeuza karatasi tukakuta majaji, na chini yao wale wa tume ya kuhifadhi udongo na maji. Bibi alilima Kivu miaka mingi. Alitaka kujua kila mmoja wao analima nini, shamba lake lina mteremko au ni tambarare, na kama anaweka matuta. Sikuwa na jibu hata moja, naye akakataa kujaza kwa kubahatisha. Watu nyuma yetu walikuwa wakipumua kwa nguvu. Alikaa na wale wa udongo kuliko alivyokaa na rais, na mwishowe akapaacha patupu, akisema kwamba mtu asiyejulikana analima nini hawezi kukabidhiwa ardhi ya watu.

Zamu ya Usiku, Ottumwa
Bibi agombee yeye.

Niliyeapishwa Juzi
Na mimi ni wa 2024, ila wangu haukuwa wa kuchekesha wakati ule. Mtakumbuka kwamba wiki mbili hivi kabla ya uchaguzi yalitolewa majina zaidi ya 2,000 ya watu ambao zamani, walipochukua leseni ya udereva, walisema kwamba si raia. Wasimamizi wakaagizwa kuwahoji watu hao vituoni. Wengi wetu tulisema kweli wakati ule, kisha tukaapishwa uraia, na kumbukumbu za leseni zikabaki kama zilivyokuwa.

Nilipotaja jina langu, mama aliyekaa mezani aliangalia orodha, akashusha sauti, akaniomba nisogee pembeni. Sauti ile ya chini ndiyo iliyoniumiza, kwa sababu foleni nzima ilinyamaza ili isikie. Alinieleza kwa adabu kwamba naweza kupiga kura ya muda, yaani inayowekwa kando kwanza, na kuleta uthibitisho baadaye, au nilete uthibitisho hapo hapo. Pasipoti nilikuwa bado sijaomba. Nikampigia simu mke wangu. Alifika amevaa ndala kwenye baridi ya Novemba, amekumbatia cheti changu cha uraia kikiwa ndani ya fremu ya kioo, jinsi kilivyokuwa ukutani sebuleni, msumari ukining'inia kwa nyuma. Nilikikabidhi hivyo hivyo. Yule mama alikisoma kupitia kioo, akalinganisha picha na uso wangu, akanipa karatasi ya kawaida. Nilijaza viduara mkono ukitetemeka.

Mwenyeji wa Coralville
Pole sana, ndugu. Ushauri wangu kwa wote walioapishwa ni kuomba pasipoti mapema na kwenda nayo kituoni.

Msomaji wa Mahakama
Na cheti chenyewe kisitoke nyumbani, kwa sababu kupata kingine kikipotea ni gharama na ni muda mrefu.

Mkenya wa Davenport
Mimi nasema kibebwe. Haki yako ya leo ina thamani kuliko karatasi ya kesho.

Fundi wa Moline
Kibebwe na fremu, na msumari pia.

Mtanzania Asiye na Kura
Nimesoma kimya mpaka hapa. Mimi nina grini kadi, na sijaomba uraia kwa sababu Tanzania haikubali uraia pacha na bado nina shamba la wazazi. Rafiki yangu mmoja amenishauri kwamba nikiwa mlipa kodi naweza kujiandikisha kwa uchaguzi mdogo wa mji. Je, ni kweli?

Mwenyeji wa Coralville
Usithubutu! Si uchaguzi wa mji, si wa bodi ya shule, hapa Iowa hakuna hata mmoja.

Msomaji wa Mahakama
Huyo rafiki huenda amesikia habari za Takoma Park kule Maryland, ambako wasio raia wanachagua madiwani. Ni kule tu na miji mingine michache. Asiye raia akipiga kura ya Kongresi ni kosa la jinai, na anaweza kurudishwa kwao. Ila sheria haikuzuii kujitolea katika kampeni, kugonga milango, au hata kuchangia fedha zako mwenyewe ukiwa na grini kadi.

Mtanzania Asiye na Kura
Nashukuru. Kugonga milango nitaweza, maana Kiingereza changu wanakielewa, na majengo wanakoishi Wakongo nayajua yote.

Zamu ya Usiku, Ottumwa
Mimi swali langu ni la zamu. Tukitoka kazini vituo vimefungwa. Msimamizi wetu anasema hakuna ruhusa.

Mwenyeji wa Coralville
Sheria ya Iowa inamtaka mwajiri akupe muda wa kwenda kupiga kura bila kukukata mshahara, kama ratiba yako haikuachii saa mbili mfululizo vituo vikiwa wazi. Omba kwa maandishi kabla ya siku yenyewe. Vinginevyo nenda mwenyewe ofisi ya kaunti katika siku 20 zinazotangulia uchaguzi, upige kura hapo hapo kaunta, uondoke.

Zamu ya Usiku, Ottumwa
Nitakwenda kaunta. Tuko wanne wa zamu moja na gari ni moja, la Mrundi wa idara ya kufungasha, kwa hiyo namtumia ujumbe sasa hivi kabla hajalala.