Timu ya chuo inaporomoka robo ya nne kila wikendi: shabiki afanye nini?

JukwaaLaKushoto

Wadau, salamu. Timu yetu ya mpira wa kikapu ya wanaume ya chuo, hapa Nairobi, imeshinda mechi 3 kati ya 12 za ligi. Katika tano kati ya hizo tulizopoteza, tulikuwa mbele au sare robo ya tatu ilipoisha. Robo ya nne ndiyo inatumaliza. Mchezeshaji wetu, yule anayepandisha mpira, anabanwa na watu wawili akishavuka tu mstari wa kati, mpira unaporwa, wapinzani wanakwenda kufunga bila mlinzi, na sisi jukwaani tunaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe.

Grupu letu la WhatsApp limegawanyika. Wako wanaotaka kocha aondoke leo, na tususie mechi hadi aondoke. Wako wanaosema shabiki wa kweli huimba tu, hahoji. Naipenda timu hii na inaniuma kuiona hivi, lakini sioni kama kambi yoyote kati ya hizo inaisaidia. Shabiki atajuaje kama tatizo ni kocha, ni wachezaji, au ni bahati mbaya? Na kuna jambo lolote tunaloweza kufanya sisi wa jukwaani likaonekana uwanjani?

---

DaftariLaKikapu

Anzeni kwa kuhesabu. Mechi ikipotea dakika za mwisho, kila mtu hukumbuka ule mpira mmoja ulioporwa, na hakuna anayekumbuka ribaundi, yaani mipira inayorudi mtupo ukikosa, walizoachiwa wapinzani kabla ya mapumziko.

Mmarekani Dean Oliver aliyapunguza mambo yanayoamua mechi hadi manne, na kuyapa uzito: ubora wa mitupo asilimia 40, kupoteza mpira 25, ribaundi 20, mitupo huru (ile ya adhabu ya faulo) 15. Yote manne mnaweza kuyahesabu kwa daftari na kalamu.

Mitupo: chukua vikapu vyote vilivyoingia, ongeza nusu ya vile vya pointi tatu, gawanya kwa mitupo yote. Tuseme mmetupa mara 62, vikaingia 22, vitano kati yake vya pointi tatu. Hiyo ni 24.5 kwa 62, yaani asilimia 39.5, na ni hafifu. Kupoteza mpira: chukua idadi ya mipira iliyopotea, gawanya kwa jumla ya mitupo, mipira iliyopotea, na mitupo huru ukiizidisha kwa 0.44. Mkipoteza mipira 21 na kupata mitupo huru 18, ni 21 kwa 90.9, asilimia 23. Karibu shambulizi moja katika kila manne linakufa kabla hata hamjatupa. Ribaundi za kushambulia zigawanye kwa jumla ya hizo na ribaundi za kujilinda za wapinzani. Mitupo huru iliyoingia igawanye kwa mitupo yote ya kawaida.

Muhimu kuliko yote: andikeni kila robo peke yake, na kila mpira uliopotea uandikiwe aina. Pasi iliyokatwa, kutembea na mpira, sekunde 8 kuisha kabla ya kuvuka, faulo ya kushambulia. Aina ndiyo inayokwambia dawa.

Hilo ulilolieleza la kubanwa karibu na mstari wa kati lina sababu yake. Mpira ukishavuka hauruhusiwi kurudi nyuma. Kwa hiyo mchezeshaji akisimama kwenye kona ya mstari wa kati na mstari wa pembeni, mistari yenyewe inamziba upande wa pili, na walinzi wawili wanatosha kumfunga kabisa. Tazameni yuko wapi mchezaji wa tatu wakati huo. Timu iliyofundishwa vizuri humpeleka mtu mrefu katikati ya uwanja, mikono juu, na pasi inaondoka kabla mlinzi wa pili hajafika. Mkiona wenzake wanne wote wametangulia mbele wanasubiri, hilo ni la mazoezi. Mkiona mtu wa katikati yupo lakini pasi inachelewa, hapo ni uchovu au uzoefu wa yule kijana. Na kama mwenye uwezo wa kupandisha mpira ni mmoja tu uwanjani kwa dakika zote 40, hilo ni la kocha, na anaweza kulibadilisha mechi ijayo.

Mechi moja haitoshi kuhukumu. Tano mfululizo zinaanza kusema kitu.

---

DadaWaRibaundi

Nakubaliana na Daftari, ila takwimu hazitakuonyesha yaliyotokea Jumatatu hadi Ijumaa. Timu za vyuo kwenye ligi ya juu hapa Kenya zinakutana na timu za benki, za jeshi na za bandari, ambako wachezaji wengi ni watu wazima wenye mshahara na waliocheza pamoja miaka mingi. Mwanafunzi ana miaka minne, mwaka mmoja au miwili ya kwanza anakaa benchi, na akishakomaa anahitimu, au timu yenye ajira inamchukua. Hiyo si kisingizio cha kupoteza mpira ovyo. Lakini ndiyo inayoeleza kwa nini miguu inakwisha robo ya nne: benchi la chuo mara nyingi lina watu saba wanaotegemewa, ilhali kanuni zinaruhusu 12.

Ongeza kalenda. Mitihani na mafunzo ya kazini huangukia katikati ya ligi. Mchezaji aliyepelekwa mafunzo mjini Thika au Machakos hafiki mazoezi ya saa kumi na moja jioni. Kabla ya kudai kichwa cha kocha, ulizeni ofisi ya michezo ya chuo mambo haya: timu ina saa ngapi za uwanja kwa wiki, wangapi hufika, kuna mtu wa tiba ya viungo siku ya mechi, na nani anayepanga ratiba ya mitihani ya wachezaji. Andikeni barua moja, yenye majina na namba za usajili za wanafunzi, mpeleke kwa mkuu wa wanafunzi na nakala kwa chama cha wanafunzi. Barua ya ukurasa mmoja yenye maswali manne hujibiwa. Kelele za mtandaoni hazina faili, hivyo hakuna wa kuzijibu.

Na kama mna nguvu ya kuchanga, msichange jezi mpya. Changeni tepu ya vifundo vya miguu, ile ngumu ya upana wa sentimita 3.8. Roli moja ya mita 13.7 inatosha vifundo viwili au vitatu, kwa hiyo wachezaji 12 wanaofungwa miguu yote miwili wanamaliza roli nane hadi kumi na mbili kwa mechi moja. Ndiyo maana vyuoni huisha katikati ya msimu, watu wanaanza kucheza bila kufungwa, na kifundo kikiteguka unampoteza mtu kwa wiki kadhaa. Mipira nayo: saizi 7 kwa wanaume, saizi 6 kwa wanawake. Msinunue mipira ya raba tupu ya kuchezea nje halafu mtarajie mitupo iingie ndani ya ukumbi. Pesa zipitie M-Pesa ya kikundi, si ya mtu binafsi, na mweka hazina abandike taarifa kwenye grupu kila mwisho wa mwezi. Michango mingi hufia hapo, kwa kutoaminiana tu.

---

NgomaYaNyayo

Mimi najibu lile la jukwaa. Kelele zina wakati wake, na mashabiki wengi wa vyuo tunakosea wakati.

Timu yetu ikishambulia, nyamazeni au piga ngoma polepole. Kwenye ukumbi wa Nyayo sauti inagonga paa na kurudi. Mtazameni mchezeshaji anapovuka kati: anainua ngumi au vidole viwili, anataja jina la mpango, anageuza shingo kuangalia kama senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, amesikia. Ngoma ikiwa juu, senta hasikii, anakwenda upande usio wake, na zile sekunde 24 za kutupa zinaanza kuliwa. Halafu sisi hao hao tunapiga ukelele "tupa! tupa!" zikiwa zimebaki sekunde 12, na kijana anatupa mpira akiwa na mkono usoni. Huo mtupo mbaya umetoka jukwaani.

Wapinzani wakishambulia, hapo ngoma zote, kuanzia mpira unapovuka hadi ribaundi ipatikane. Msikate kelele mtupo unapopigwa, kwa sababu ribaundi ya kujilinda ndiyo inayomaliza kazi. Wakipiga mitupo huru, kaeni nyuma ya kikapu kile mkipunga vitambaa. Wetu wakipiga, kimya kabisa, hata simu.

Filimbi msilete. Mchezaji akisikia filimbi husimama, na mara nyingi anayesimama ni wa kwenu.

Refa muacheni. Jukwaa likichemka, benchi nalo huchemka, na benchi likipewa faulo ya kiufundi ni mtupo huru mmoja wa bure kwa wapinzani. Kocha akipata mbili kwa utovu wake mwenyewe anatolewa nje. Kwa timu inayopoteza kwa pointi mbili tatu, hiyo ndiyo mechi.

Kususia mechi sikuungi mkono hata kidogo. Ukumbi mtupu haumwadhibu kocha. Unamwadhibu yule wa mwaka wa kwanza anayecheza dakika sita na anayehitaji kuzoea kelele kabla hajawa tegemeo.

---

KikapuChaEastlands

Mmesema vizuri, lakini mnamlinda kocha kupita kiasi. Kuna mambo ya robo ya nne yasiyohusu mitihani wala tepu, na shabiki ana haki ya kuyahoji kwa sauti.

Kwanza, mapumziko mafupi anayoomba kocha. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinampa mawili nusu ya kwanza na matatu nusu ya pili, lakini ndani ya dakika mbili za mwisho za robo ya nne haruhusiwi kutumia zaidi ya mawili. Akiyakumbatia yote matatu hadi hapo, moja limepotea. Wapinzani wakifunga pointi nane mfululizo dakika ya tano na kocha amesimama tu mikono mfukoni, andika. Tena katika dakika mbili hizo, timu yake ikiwa na haki ya kuanzisha mpira nyuma, akiomba mapumziko anaweza kuchagua kuanzia mbele, na sekunde zisizozidi 14 za kutupa. Kwa timu inayoporwa mpira katikati ya uwanja, kwa nini asiutumie mlango huo?

Pili, faulo. Kuanzia faulo ya tano ya timu katika robo, kila faulo ya ulinzi inawapa wapinzani mitupo huru miwili, hata kama hakuna aliyekuwa akitupa. Timu yenu ikifika faulo nne zikiwa bado zimebaki dakika sita, ulinzi lazima ubadilike: ulinzi wa eneo (kila mtu analinda sehemu yake, si mtu), mikono juu, hakuna kuvuta. Kama haubadiliki, hilo ni benchi.

Ila kuhoji si kufukuza. Virginia, timu ya chuo ya Marekani, mwaka 2018 ilikuwa timu ya kwanza ya wanaume iliyopangwa namba 1 kufungwa na ya namba 16 kwenye mashindano ya vyuo ya NCAA, 74 kwa 54 na UMBC. Aibu ya dunia nzima. Kocha Tony Bennett alibaki, na Aprili 2019 walichukua ubingwa kwa kuwafunga Texas Tech 85 kwa 77 katika muda wa nyongeza. Kule kulikuwa na wachezaji wazuri na mpango uliokuwa ukifanya kazi. Kwa hiyo swali la kujiuliza kuhusu kocha wenu ni hili: mambo yaliyotuumiza mwezi wa kwanza wa msimu yamepungua mwezi wa nne, au ni yale yale? Yakiwa yale yale, msimu ukiisha semeni wazi, mkiwa na daftari mkononi.

Na wanaosema uvumilivu una mwisho, sawa, lakini wa Kenya tusijidai hatujui kungoja. Baada ya 1993, timu ya taifa ilikaa miaka 28 bila kucheza AfroBasket, ubingwa wa Afrika, ikarudi 2021 baada ya kuifunga Angola 74 kwa 73 kule Yaoundé kwa mtupo wa Tylor Ongwae muda ukiisha.

---

JukwaaLaKushoto

Asanteni sana, nyote. Hili la kuandika aina ya mpira uliopotea hatukuwahi kulifikiria. Swali la mwisho kwa Daftari: tukikaa wawili, tugawane vipi kazi ili tusikose kitu? Na msimamo wa ligi unatuchanganya, tuna pointi 15 na hatujui zimetoka wapi.

---

DaftariLaKikapu

Pointi: ushindi ni 2, kufungwa ni 1, kutofika uwanjani ni 0. Mechi 3 mlizoshinda ni 6, tisa mlizofungwa ni 9, jumla 15. Ndiyo maana hata msimu mbaya haifai kukosa mechi. Mkinyang'anywa kwa kutofika, mnapoteza ile pointi moja na kuandikiwa 20 kwa 0, na mkilingana pointi na mwenzenu mkiani, tofauti hiyo inaweza kuwashusha.

Kugawana kazi: mmoja aandike mitupo na mitupo huru ya timu zote mbili, asitazame kingine. Wa pili aandike mipira iliyopotea, ribaundi na faulo za timu. Ribaundi ndizo husahaulika, kwa sababu macho hufuata mpira hadi kwenye kikapu na kubaki hapo. Kwa hiyo huyo wa pili azoee kutazama chini ya kikapu mara mpira unapotoka mkononi. Mgeuze ukurasa kila robo, hata kama umebaki nusu mtupu. Mkimaliza, linganisheni pointi zenu na za meza ya waamuzi. Zikitofautiana, kosa huwa kwenye mitupo huru, tafuteni hapo kwanza. Kaeni safu ya juu, katikati ya uwanja. Kutoka nyuma ya kikapu hamtaona nani alisimama wapi wakati wa ule mtego, na huo ndio mnaoutafuta.