Tupeane uzoefu: gari la kazi kutoa jasho ndani, Mtwara na Lindi

mizigo_kusini
Wakuu, uzi huu ni wa wenye Hiace za mizigo, Noah zilizotolewa viti na kirikuu zenye bodi la kufunga. Mvua zikianza, asubuhi unakuta dari inachuruzika, magunia yamelowa juu na spana zimeota kutu. Tupeane tunayoyajua, kwa vipimo.

fundi_bodi_Shangani
Kwanza pima maji yenyewe. Futa dari na kuta kwa kitambaa kikavu, kamulia kwenye chupa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 hubeba gramu 23 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Hiace yenye nafasi ya mita 6 za ujazo ina chini ya gramu 150 zote kwa pamoja, na bati likipoa mpaka nyuzi 22 zinadondoka kama 20 tu, yaani vijiko vichache. Kwa hiyo gari tupu lililofungwa likikupa nusu lita, hayo si maji ya hewa iliyofungiwa ndani. Kuna sakafu mbichi, mzigo mbichi au mvujo.

Mvujo unatafutwa na watu wawili. Mmoja ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji usio na kasi, anaanzia chini kwenda juu, dakika 5 kila sehemu. Ukianzia juu maji yanashuka kila mahali na hujui yameingilia wapi. Kagua raba za milango, kioo cha mbele, taa za nyuma na mfereji wa paa. Kisha zibua kwa waya yale matundu madogo chini ya milango. Mchanga wetu huyaziba haraka, mlango unageuka pipa na kuoza kuanzia ndani.

ferry_Lindi
Wanaobeba samaki na chumvi, angalieni sakafu kabla ya dari. Barafu ikiyeyuka maji hupita kwenye maungio ya plaiwudi na kukaa chini yake siku kadhaa, yakigeuka mvuke kila jua linapopiga. Inua plaiwudi kwa fito za sentimita 2 zilizolazwa kuelekea mlango wa nyuma, uache upenyo maji yatoke.

Chumvi ni mbaya zaidi. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 huanza kunyonya maji hewani, na usiku wa pwani hufika hapo mara nyingi. Vumbi la chumvi lililobaki kwenye kona halikauki kwa kufagia. Osha kwa maji mengi yasiyo ya chumvi, halafu milango wazi juani kuanzia saa 4 asubuhi.

dari_na_mbao
Dari hutoa jasho kwa sababu usiku wa anga wazi paa hupoteza joto kwenda juu, bati likawa baridi kuliko hewa inayoligusa. Ndiyo maana kulaza gari chini ya banda, hata lisilo na kuta, kunasaidia sana kuliko watu wanavyodhani.

Ukitaka kuweka kinga ya baridi kwenye bati la paa, tumia sponji ngumu isiyonyonya maji, milimita 10 au zaidi. Ijaribu: zamisha kipande usiku kucha, ukikamua kisitoe maji. Sponji ya godoro na maboksi hunyonya, na kutu hula bati huku huoni. Piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke siku nzima. Gundi iwe ya kuvumilia joto, ipakwe pande zote mbili, kazi ifanyike kivulini. Kandamiza kuanzia katikati kwenda pembeni hewa isibaki. Wengi huharibu kwenye mbavu za paa: wakiziacha wazi, jasho lote linahamia pale na kudondoka kwa mstari. Zifunike nazo, maungio yazibwe kwa utepe wa alumini. Skrubu za plaiwudi ya juu ziwe fupi, zisitoboe paa.

njia_ya_Newala
Nyongeza kwa wanaopanda uwanda wa Makonde. Ukipanda jioni umefunga hewa ya Mtwara mjini, baridi ya Newala usiku inaikamua juu ya mzigo. Ukifika fungua milango yote dakika 10, hewa ibadilike, ndipo ufunge. Ukishuka alfajiri na vyuma au mabomba yaliyolala baridi, yaache chini ya turubai mpaka yapate joto. Ukiyafunua mara moja yanalowa kama yamenyeshewa.

mizigo_kusini
Asante sana ndugu zangu. Na wanaolala ndani? Mkaa na mchele wa kunyonya unyevu vinafaa?

dari_na_mbao
Mkaa na mchele havitoshi kabisa. Mtu mmoja hutoa karibu gramu 40 za maji kwa saa, usiku mzima ni theluthi ya lita. Shusha vioo sentimita 2 pande mbili, weka wavu wa mbu. Gesi kilo 1 ikiungua hutoa maji kilo 1.6 hivi, tena ukipikia gari limefungwa hewa ya sumu inaua, kwa hiyo pikia nje. Kwa sanduku la vifaa tu, kalsiamu kloraidi inafaa, ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha matundu, lisimame wima. Maji yake yakimwagika hula bati haraka, mwaga kopo likifika nusu.