Sosi ya kranberi ya kupika nyumbani, nifanyeje ikae kabatini miezi bila kuharibika?

kijiko_cha_mti:
Habarini wakuu. Nina kranberi nyingi, zingine freshi zingine ziko friza, nataka nipike zote kwa mkupuo niweke kwenye chupa za glasi zikae kabatini maana friji haina nafasi tena. Kwanza naomba vipimo, kila ninaposoma naona tofauti na wengine wanaweka hadi wanga wa mahindi ili iwe nzito, ni lazima? Pili nataka nipunguze sukari kwa sababu nyumbani kuna mtu ameambiwa asizidishe, sasa sukari ikipungua si itaoza mapema? Tatu kuna hii ya kumimina sosi ikiwa ya moto, unafunga, unapindua chupa kichwa chini mpaka ipoe, wanasema mfuniko unajibana wenyewe, inatosha kweli? Ile sumu ya vyakula vya kufungia kwenye chupa naiogopa sana kwa hiyo anayejua anipe na sababu, sio fanya hivi fanya vile tu.

moto_mdogo:
Wanga usiweke kabisa, hasa ukitaka kuhifadhi kwenye chupa, unafanya sosi iwe nzito kiasi kwamba joto halifiki katikati vizuri, na kwanza hauhitajiki. Kranberi ina pektini yake nyingi tu (kile kitu cha asili ndani ya matunda kinachofanya jamu iwe nzito), hiyo pektini ikikutana na asidi na sukari inaganda yenyewe. Chukua gramu 340 za kranberi, kikombe kimoja cha sukari (gramu 200 hivi) na kikombe kimoja cha maji. Chemsha maji na sukari mpaka sukari iyeyuke yote, mimina kranberi, zikianza kupasuka utazisikia, punguza moto ziendelee kutokota dakika kama 10 basi. Za friza usiziyeyushe, zitie hivyohivyo. Ila chambua kwanza, zilizolainika na zenye madoa tupa, kranberi nzima ni ngumu na ukiidondosha mezani inadunda kwa sababu ndani ina vyumba vya hewa.

Sasa sikiliza hapa maana wengi ndo panapowashinda. Sosi ikiwa jikoni itaonekana nyepesi na wewe utataka kuongeza muda, usiongeze, inakuja kuwa nzito ikipoa. Weka kisahani kwenye friza, dondoshea tone la sosi, subiri kidogo alaf pitisha kidole katikati, ikibaki njia ujue imeiva. Ukipika kupita hapo inakuwa ngumu na ule uchungu wa maganda unatoka wote, na ukizidisha sana pektini yenyewe inavunjika. Ndo maana sikushauri upike zote kwa mkupuo, sufuria likijaa sana linachelewa kuchemka, za chini zimeshaiva sana za juu bado hazijapasuka. Gawa mara mbili tatu. Na sufuria liwe la stili au la enameli, aluminiamu tupu inaliwa na asidi na sosi inabaki na ladha ya chuma.

jamu_ya_nyumbani:
Mimi nageuza chupa miaka yote na zinabana vizuri tu, sijawahi kuona mtu ameumwa. Chupa ichemshwe, sosi iwe inachemka, basi. Msimtishe mwenzetu.

mfuniko_mpya:
Mama @jamu_ya_nyumbani, kwa heshima zote hapo naomba nitofautiane na wewe, kubana na kubana vizuri ni vitu viwili. Ukipindua chupa joto la sosi linagusa mfuniko kweli na unaweza kubana, lakini hewa iliyobaki ndani haijasukumwa yote nje na ule mbano ni dhaifu, baada ya miezi unakuta utando wa ukungu juu.

@kijiko_cha_mti sababu ulizoomba ni hizi. Bakteria wa botulizimu, hao wa sumu unayoiogopa, wanastawi pasipo na hewa kwenye chakula chenye asidi kidogo, yani pH juu ya 4.6 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi). Kranberi iko kama 2.3 mpaka 2.5, chini sana, hawawezi kukua humo. Kwa hiyo sosi ya kranberi ni katika vitu salama zaidi kuanza navyo na huhitaji ile sufuria ya presha. Adui wako ni ukungu na chachu, hao asidi hawaiogopi, wanauawa na moto na kuzuiwa na mfuniko uliobana. Na ukungu usiuchukulie poa kwamba unakwangua juu unaendelea kula, ukikua unaweza kupunguza asidi ya chakula na hapo ule ulinzi wote unaondoka. Chupa yenye ukungu tupa nzima.

Kwa hiyo, chupa safi na ziwe za moto, mimina sosi ikiwa ya moto, acha nafasi kidogo juu, nusu sentimita na ushee. Pitisha kijiti pembeni kutoa mapovu, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi kwa sababu tone moja la sosi pale linaharibu mbano. Mfuniko bapa uwe mpya, ule mpira wake ni wa kutumia mara moja, funga kwa vidole tu usikaze kwa nguvu zote maana hewa inatakiwa itoke. Zamisha chupa kwenye maji ya moto, chini ya sufuria pawe na kitu ili zisiguse bati, maji yazidi vifuniko kwa sentimita 2 au 3, yakianza kuchemka kwa nguvu ndo uanze kuhesabu dakika 15 kwa chupa za nusu lita kushuka chini. Ukiwa unaishi juu ya mita 300 fanya 20, juu ya mita 1800 fanya 25, kwa sababu huko juu maji yanachemka kwenye joto dogo zaidi. Zitoe, zisimame wima, usiziguse saa 12 mpaka 24, kisha bonyeza katikati ya mfuniko. Ukidunda juu chini haikubana, hiyo weka friji ule kwanza. Zilizobana weka mahali penye giza na ubaridi, kwa ubora zitumie ndani ya mwaka.

kijiko_cha_mti:
Asanteni sana, sasa nimeelewa kwa nini. Bado la sukari, na je naweza kuweka tangawizi, maganda ya chungwa na njugu humohumo?

moto_mdogo:
Punguza tu, usalama unatoka kwenye asidi sio sukari. Ila sosi itakuwa nyepesi, rangi itafifia mapema na ukishafungua chupa itaharibika haraka zaidi. Ningekuwa wewe ningetengeneza chupa chache za sukari kidogo kwa ajili ya huyo mgonjwa nizigandishe friza kwenye vyombo vidogo, acha nafasi ya sentimita 2 juu maana ikiganda inatanuka. Kama unatumia vitamu mbadala, aspatemu haivumilii moto, inapoteza utamu, ichanganye wakati wa kula.

mfuniko_mpya:
Ganda la chungwa lililokwanguliwa, mdalasini na kipande cha tangawizi havina shida, vijiti vya mdalasini vitoe kabla ya kujaza chupa la sivyo ladha inazidi kukolea huko ndani. Njugu hapana, na kitunguu au mboga yoyote hapana, hivyo vinapunguza asidi na hesabu zote za dakika nilizokupa hazifai tena. Njugu changanya siku ya kula, hata ladha inakuwa bora hazijalowa. Ukifungua chupa iende friji, kijiko kikavu na safi kila mara, imalize ndani ya wiki mbili.

jamu_ya_nyumbani:
Nimekuelewa mwanangu, hiyo ya ukungu kupunguza asidi sikuwa naijua. Hizi za safari hii nitazichemsha. Swali dogo, nikitaka ile laini isiyo na maganda nachuja kabla au baada?

mfuniko_mpya:
Baada ya kupasuka mama, pika kranberi na maji tu, sugua kwenye chujio, kisha rudisha jikoni na sukari ichemke mpaka ifaulu kile kipimo cha kisahani. Ya hivyo inaganda kuliko ile nzima kwa hiyo isimamie, isikuzidi moto.