Halmashauri inaweza kutusaidia nini kuachana na mkaa?

Chipsi_Mbagala: Wakuu, nakaanga chipsi Mbagala. Gunia la mkaa halimalizi wiki, na moshi wote naula mimi. Serikali ilizipa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 hadi Januari 2024 ziache kuni na mkaa. Sisi wa vibandani je? Halmashauri itusaidie nini, mbali na kutuletea mgambo?

FundiJiko: Mkuu, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ungeni kikundi, andikeni mradi wa majiko ya gesi. Anza na ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

BiMboga: Mbali na mkaa, halmashauri ishughulikie na taka za sokoni jamani! Nyanya zikiozea dampo zinatoa methani, gesi inayopasha dunia joto kuliko hewa ukaa. Kinondoni wana kiwanda cha mboji Mabwepande. Temeke waige.

Chipsi_Mbagala: Shukrani. Ila mtungi mdogo wa gesi kwa chipsi si utaisha mchana mchana? Nitamuuliza huyo ofisa kama mkopo unabeba mtungi mkubwa.