Naomba ushauri: mwanangu wa miaka 14 na michezo ya video ya kuuana

Mleta mada
Wanajukwaa, salaam. Mwanangu wa miaka 14 amezama katika mchezo wa video wa kupigana risasi, ambao huucheza kupitia intaneti hadi usiku wa manane. Akiitwa kula hujibu kwa ukali, na akishindwa hupiga meza kwa ngumi na kumfokea mdogo wake. Baba yake anataka mashine iondolewe nyumbani mara moja, nami nahofia kwamba atakwenda kucheza kwa siri tusikomwona. Je, ni kweli kwamba michezo hii humfanya kijana kuwa katili?

Mchangiaji wa kwanza
Pole, dada. Namuunga mkono baba. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliojumuisha tafiti 24 zenye washiriki zaidi ya 17,000, ulionyesha kwamba vijana wanaocheza michezo ya ukatili huzidi kuwa wagomvi kadiri muda unavyopita. Iondoeni.

Mchangiaji wa pili
Uchambuzi huo upo, lakini ongezeko lenyewe lilikuwa dogo, na mama anastahili kuelezwa hivyo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwachunguza vijana 1,004 wa Uingereza wenye miaka 14 na 15, wakawauliza wazazi kuhusu mwenendo wa watoto wao, na hawakuona uhusiano wowote kati ya michezo hiyo na ukali. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani nacho kilisema mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kuihusisha michezo hiyo na vitendo vya ukatili, ingawa kiliona uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana. Kufoka ndiko unakokueleza, dada, kwa hiyo usikupuuze, ila usikose usingizi ukidhani kwamba unamlea muuaji.

Tena, usingizi wa kijana mwenyewe ndio ungenitia wasiwasi zaidi. Umri huo unahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku, na anayezikosa huwa mwepesi wa hasira hata kama amekesha akicheza mchezo wa magari.

Mchangiaji wa tatu
Dada, kasha la mchezo limeandikwa umri gani? Je, mwanao huzungumza na nani kwenye spika za masikioni anapocheza?

Mleta mada
Limeandikwa 18, jambo ambalo sikuwahi kulitazama. Wengine ni wanafunzi wenzake, wengine hatuwajui.

Mchangiaji wa tatu
Basi mchezo huo si wake, na hao msiowajua wananitisha kuliko bunduki za kwenye skrini, kwa sababu matusi anayoyasikia humo ni ya watu halisi. Baba na mama mkae naye pamoja, mchague mchezo wa umri wake, mzime mazungumzo na wageni, na usiku mashine ikae sebuleni. Fahamu pia kwamba mchezo wa intaneti hauwezi kusimamishwa katikati, na akiondoka huwaangusha wenzake. Mwambie kuhusu chakula kabla raundi haijaanza, uone kama ukali utapungua. Akishindwa kabisa kujizuia huku masomo na urafiki vikiharibika, mpelekeni kwa mshauri nasaha, kwani Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa michezo hii kuwa ni ugonjwa.