Vani ya kulala kwa familia ya Malindi: HiAce, gari la watalii au California?

Baba wa Muyeye

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Nimestaafu ualimu, na mimi na mke wangu tumeazimia kununua vani ya kulala, ile ambayo wengi huiita kempa, ili tutembee na wajukuu wetu wawili, wa miaka sita na minane. Tunataka kuingia Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, kulala Marafa baada ya kuiona Nyari, lile bonde la miamba iliyomomonyoka, jua likitua, na mara moja kwa mwaka kufika Mokowe, tuiache vani huko na kuvuka kwa boti kwenda kwa jamaa zetu wa Lamu.

Nina njia tatu mbele yangu. Ya kwanza ni kuagiza Toyota HiAce ya mizigo kutoka Japani, kisha seremala na fundi wa hapa waitie kitanda na kabati. Ya pili ni vani ya watalii yenye paa la kuinuka, ambayo inauzwa hapa mjini baada ya kufanya kazi ya mbugani kwa miaka mingi. Ya tatu ni Volkswagen California iliyotengenezwa kiwandani pamoja na jiko, friji na vitanda vyake, ambayo mwanangu aliye Uingereza anaisifu sana. Kiinua mgongo ni kimoja na sitapata kingine, kwa hiyo ninaomba mnisaidie kupima uimara, starehe na thamani ya kila moja.

Nina swali jingine dogo. Mwezi uliopita tuliazima vani ya rafiki tukalala siku mbili karibu na Watamu. Joto lilitunyima usingizi, na asubuhi ya pili tulikuta godoro limelowa upande wa chini ingawa mvua haikunyesha. Je, hilo ni kosa la vani au ni hali ya pwani tu?

Fundi Bodi, Maweni

Waalaikum salaam, Mwalimu. Nimekuwa nikinyoosha na kupaka rangi bodi za magari hapa kwa miaka 22, na ombi langu la kwanza ni kwamba usianze kwa kutazama kabati. Kabati likiharibika, seremala atakutengenezea jingine kwa wiki moja. Lakini sakafu ya vani ikishaliwa na kutu, kila kilichojengwa juu yake ni hasara. Hapa tunapuliziwa chumvi na upepo wa Kusi nusu ya mwaka na wa Kaskazi nusu nyingine, na ukielekea Gongoni na Marereni unapita kando ya mashamba ya chumvi yenyewe. Gari ambalo lingekaa Nairobi miaka 15 bila doa, hapa huanza kutoa malengelenge ya rangi kwenye mifereji ya paa, kwenye pindo la chini la milango na juu ya magurudumu ya nyuma kabla hujamaliza miaka minne, endapo halikutunzwa.

HiAce ya umbo la sasa, lililoanza mwaka 2004, ina bodi nzuri, na spea zake zinapatikana katika kila duka la hapa kwa sababu ndiyo matatu yetu. Nissan Caravan ya mwaka 2012 na kuendelea inakaribiana nayo mno: zote mbili kwa umbo la kawaida zina urefu wa mita 4.695 na upana wa mita 1.695. Vipimo hivyo havikulingana kwa bahati. Sheria ya Japani huyahesabu kuwa madogo magari yasiyozidi mita 4.7 kwa urefu na mita 1.7 kwa upana, basi kila kiwanda kimejibana ndani ya mpaka huo. Upande wa nyuma zote zina springi za majani, ambazo hubeba mzigo kwa uaminifu na kumtikisa sana abiria pale gari likiwa tupu. Ukishaitia vitanda, maji na watu, mtikisiko hupungua.

Usidhani kwamba gari la Japani haliji na kutu. Mikoa ya kaskazini ya nchi hiyo humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na gari lililoishi huko huja likiwa limekwisha kuliwa chini. Omba karatasi ya mnada, ile inayoeleza hali ya gari lilipouzwa mnadani huko Japani, na uisome mwenyewe: herufi S kwenye mchoro wa gari ni alama ya kutu, na herufi C ni alama ya chuma kilichokwisha kulika. Ukiiona C, achana nayo hata kama bei inavutia.

Vani ya watalii ninaiogopa zaidi, ingawa kwa macho ndiyo inayopendeza. Paa lile lilikatwa ili watu wasimame kutazama tembo. Halikukusudiwa kufunika mtu aliyelala. Barabara za vumbi za Tsavo, zenye migongo midogo inayofuatana kama bati, huitikisa bodi iliyokatwa paa mpaka nyufa zikatokea kwenye pembe za mkato na kwenye vishikio vya springi. Ukiipenda, ipandishe juu ya shimo la fundi, chukua tochi na utafute mistari ya kulehemu isiyo ya kiwandani, kisha mwagia maji kwenye mpira wa paa kwa dakika kumi na uone yanaingilia wapi.

Kuhusu California, kazi ya kiwandani ni nzuri na sitaisema vibaya. Tangu kizazi cha T5 kilichotoka mwaka 2003, Volkswagen wenyewe ndio wanaoijenga, na kabati zake za alumini ni nyepesi. Jambo la kupima ni injini. Zile za dizeli za miaka ya karibuni zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na kichujio hicho hujisafisha gari likienda mwendo mrefu kwa kasi ya kutosha. Kama vani itashinda ikizunguka kati ya Muyeye na sokoni, masizi yatakijaza, na kukibadilisha ni gharama kubwa.

Mama Safari, Mambrui

Mwalimu, shikamoo. Fundi amesema ya chuma; mimi niseme ya usingizi, kwa sababu mimi na mume wangu tumelala katika vani yetu zaidi ya miaka mitano, kuanzia Kwale mpaka Mokowe.

Godoro lenu halikulowa kwa mvua. Bila shaka lililazwa juu ya ubao mzima usio na tundu, na jasho la watu wawili lilishuka likakuta ubao wa baridi na kugeuka maji. Wazee wetu walijua walichofanya waliposuka vitanda kwa kamba, kwani hewa ilipita chini na godoro halikuota ukungu. Mwambie seremala akutilie chaga zilizoachana kiasi cha vidole vitatu, na aache nafasi kati ya godoro na ukuta wa vani. Tatizo hilo litakwisha siku hiyo hiyo, iwe HiAce au California.

Kuhusu joto, watu wengi hukimbilia kufunga AC ya juu ya paa. Naomba upige hesabu kwanza. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa jumla, na AC inayovuta wati 1,000 huimaliza kwa muda unaozidi saa moja kidogo. Feni ndogo ya wati 20 ikizunguka saa kumi usiku kucha hutumia wati-saa 200, na friji ya kompresa ya wati 45, ikifanya kazi nusu ya muda kwa saa kumi na mbili, hutumia kama 270. Kwa hiyo feni mbili na friji zinatoshelezwa na betri moja ya lithiamu, na paneli za sola hujaza tena mchana. Betri ya kawaida ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, na joto letu hufupisha maisha yake, kwa hivyo urahisi wa bei yake hudumu muda mfupi.

Lakini feni haina kazi kama hewa haina pa kuingilia na pa kutokea. Hili ndilo jambo ninalotaka ulizingatie kuliko mapambo yote. Vani ya usukani wa kulia ina mlango wa ubavuni upande wa kushoto. Wakati wa Kusi, egesha gari uso wake ukielekea kusini-magharibi, na mlango huo utautazama upepo wa kusini-mashariki moja kwa moja. Ning'iniza chandarua cha mlango kizima, kisha fungua tundu la paani lenye feni ya kutoa hewa. Tofauti utaihisi mwilini kabla ya kulala. Madirisha ya vani za mizigo mara nyingi hayafunguki, na hilo lisahihishwe kabla ya kununua hata sufuria moja.

Katika hili California inashinda, na ni haki kusema hivyo. Paa lake likiinuliwa, kitanda cha juu huzungukwa na turubai lenye madirisha ya wavu, na watoto hulala humo wakipepewa. Injini yake iko mbele chini ya boneti, ilhali ya HiAce na ya Caravan iko chini ya viti vya mbele. Ukifika kambini baada ya safari ya kutoka Voi, moto wa injini hiyo ya chini ya viti hubaki ndani kwa muda mrefu. Sisi hufungua milango yote na kuviinua viti hivyo wakati chai inapikwa, na tunapomaliza kula vani imekwisha kupoa.

Mkiamua HiAce ya upana wa kawaida, mtu mzima hawezi kulala kwa kukingama, kwa kuwa ukitoa unene wa kuta na mbao hubaki kama mita moja na nusu. Laleni kwa urefu, na wajukuu watengenezewe kitanda cha turubai juu ya viti vya mbele. Kwa umri wao kitawatosha kwa miaka michache tu. Na jiko liwe nyuma, mpike mlango ukiwa wazi. Mtungi wa gesi uwekwe kwenye sanduku lenye tundu la chini linalotoka nje, kwa maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni, pale pale watoto wanapochezea.

Wakala wa Kilindini

Nami niongeze kuhusu thamani, kwani kazi yangu ni kutoa magari bandarini Mombasa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, wala la usukani wa kushoto. Hivyo zile kempa ambazo wageni wa Kiitaliano wanakusimulia hapo Malindi, nyingi zikiwa zimejengwa juu ya Fiat Ducato ya usukani wa kushoto, ziondoe akilini. California ya Uingereza ina usukani wa kulia na inaingia, mradi umri wake unaruhusu.

Jambo linalowaumiza wengi ni kodi. Mtu hununua gari kwa bei ya chini akidhani ushuru utafuata risiti yake, kumbe KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, huanza na bei ya gari la aina hiyo likiwa jipya, hupunguza kwa kadiri ya umri, ndipo ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16 huhesabiwa mmoja juu ya mwingine. California ikiwa mpya ni ghali, kwa hiyo hata ukipewa bure na mwanao, kodi yake bado itakuwa nzito.

Tazama pia siku ya kuuza. HiAce ina mnunuzi kila mahali. Kama kabati na kitanda vimefungwa kwa bolti na si kwa gundi wala kulehemu, utavitoa, na vani itarudi kuwa ya mizigo bila kupoteza thamani. California utalazimika kumngojea anayeijua. Mabadiliko ya bodi yaandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri, usije ukasumbuliwa njiani au bima ikakataa kukulipa.

Baba wa Muyeye

Ahsanteni sana, nyote watatu. Nimemsomea mke wangu maelezo yenu, na nilipofika kwenye hesabu ya feni akaniomba nirudie mara mbili. Tumeiacha vani ya watalii. California tutaendelea kuipenda kwa macho, kwani kodi yake ingekula nusu ya safari tulizozipanga. Tutaagiza HiAce ya dizeli yenye mwili mrefu na paa la juu, wajukuu wapate nafasi wanaporefuka. Fundi, nina hofu moja: tundu la paani na madirisha mapya yatakata chuma kizima. Je, hatutakuwa tumeifungulia kutu mlango sisi wenyewe?

Fundi Bodi, Maweni

Hofu yako ni ya haki, Mwalimu. Tundu likatwe katikati ya mbavu za paa, wala ubavu wenyewe usiguswe. Kila ukingo uliokatwa upigwe msasa, upakwe rangi ya zinki mara mbili na uachwe ukauke usiku kucha kabla ya gundi ya poliuretheni na mpira. Fundi akikuambia ataikata asubuhi na kukukabidhi jioni, muage kwa heshima. Mbao ziwe plaiwudi ya baharini ya milimita 9 au 12, kwa sababu bao zima la milimita 18 la futi 8 kwa 4 hukaribia kilo 35, na ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa hufura kwa unyevu wetu. Ndani ya milango na mbavu tupulize mafuta ya kuzuia kutu kabla seremala hajaingia, maana akishafunga mbao hatutapafikia tena. Na ukitoka ufukweni, ioshe chini kwa maji ya mfereji yanayotoka Baricho. Maji ya visima vingi vya hapa mjini yana chumvi yake, na utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi. Itakapotoka bandarini, ileteni kwangu kabla ya kumpelekea seremala, tuitazame chini pamoja.