Kalamu ya Shangazi

UKOO WA BIBI – TANGA

Shangazi Mwana 9:12
[picha] Mzigo umefika jamani! Nimeupokea stendi jana jioni. Harusi ya Salma safari hii gauni lazima lifunge zipu 💃🏾

Salma 9:13
Shangaziii 😂 ni nini hicho?

Shangazi Mwana 9:14
Sindano ya kupunguza mwili, ile ya umbo la kalamu. Ozempic yenyewe, wanayochoma masupastaa. Laki na ishirini tu. Duka la dawa la mtandaoni, wako Dar.

Baba Mdogo Hamisi 9:15
Laki na ishirini kuondoa kitambi? Nipeni mimi hiyo hela niwakimbize Raskazone kila alfajiri 😂

Rukia Dodoma 9:19
Shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Shangazi, walikuomba cheti cha daktari?

Shangazi Mwana 9:20
Marahaba mwanangu. Cheti cha nini tena? Waliniuliza kilo zangu basi. Wana wafuasi elfu arobaini, ushuhuda tele.

Rukia Dodoma 9:21
Hela ulituma kwa jina la duka?

Shangazi Mwana 9:21
La kijana mmoja. Alisema lipa namba yao inasumbua.

Rukia Dodoma 9:22
Na mzigo ulikuja na barafu?

Shangazi Mwana 9:23
Barafu? Ulikuja kwenye buti la basi, juu ya gunia la vitunguu. Boksi mpaka sasa linanuka.

Rukia Dodoma 9:25
Ozempic ambayo haijaanza kutumika inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Mfamasia gani ataitupa kwenye buti? Famasi, ya mtaani au ya mtandaoni, inasajiliwa Baraza la Famasi na ina mfamasia mwenye jina. Wa kwao anaitwa nani?

Shangazi Mwana 9:27
Wameandika "Dokta" tu. Mzungu kavaa koti jeupe. Nawe Rukia, toka usome famasi kila kitu kwako feki.

Rukia Dodoma 9:28
Haya. Ichukue, USICHOME. Zungusha kile kidude cha nyuma cha kuchagulia dozi. Kinachomoza?

Shangazi Mwana 9:31
Kinachomoza ndiyo. Nikizidi kuzungusha kinazidi kutoka.

Rukia Dodoma 9:31
Cha Ozempic halisi hakichomozi. Kwangua stika kwa ukucha, pale kwenye kona.

Shangazi Mwana 9:33
Inabanduka. Chini kuna stika nyingine.

Rukia Dodoma 9:34
Shangazi, hiyo huenda ni insulini, dawa ya kushusha sukari mwilini, iliyobandikwa jina la Ozempic. Austria 2023 watu walilazwa baada ya kuchoma Ozempic feki, sukari ikashuka mpaka wengine wakapata degedege. Wewe hujachoma, sivyo?

Rukia Dodoma 9:36
Shangazi?

Shangazi Mwana 9:37
Nilichoma saa mbili, kabla ya chai. Walisema tumbo liwe tupu. Jasho linanitoka na mikono inatetemeka, nikadhani ni hili joto letu

Rukia Dodoma 9:37
IDI UKO NYUMBANI?

Idi 9:38
Nipo dada

Rukia Dodoma 9:38
Maji glasi moja, sukari vijiko vinne, anywe sasa hivi. Kisha mpime sukari kwa kipimo cha Bibi, kiko kabatini.

Idi 9:42
Amekunywa. Kinasoma 2.8

Rukia Dodoma 9:42
Iko chini mno. Hospitali, hata akisema amepata nafuu. Kuna insulini inayofanya kazi mchana kutwa. Njiani mpe soda, siyo ile isiyo na sukari. Kalamu na boksi nendeni navyo, msitupe.

Baba Mdogo Hamisi 9:43
Niko njiani na bajaji.

Salma 12:26
Jamani semeni basi 😭

Idi 12:31
Wamemtundikia dripu. Sukari 6.1. Anauliza nani kaepua maharage

Shangazi Mwana 12:58
Nimewapigia wale watu. Wameniblock.

Rukia Dodoma 13:02
Alhamdulillah umeamka na hasira zako. Idi tunza ile kalamu, nawaandikia TMDA, mamlaka ya dawa, leo. Na hili si la Ozempic tu. Singapore 2008, ndani ya miezi mitano, watu kama 150 wasio na kisukari walilazwa, sukari imewashuka vibaya, 4 wakafa. Vidonge vya nguvu za kiume vya kichinichini vilikutwa vimechanganywa na glibenclamide, dawa ya kisukari.

Baba Mdogo Hamisi 13:04
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Salma 13:05
Baba Mdogo umefuta nini? 👀

Baba Mdogo Hamisi 13:09
Hakuna kitu. Rukia mwanangu, njoo inbox mara moja.